Somo la Kuitikia

Msemaji wa mashua iitwayo Usikonde alikuwa na tabia ya kutoa habari mbaya kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni, na asubuhi ile, siku ambayo lango la Ukuta wa kuzuia bahari lingefungwa moja kwa moja, habari zake zilikuwa nyingi.

"Taruma la tatu, upande wa kushoto," alisema. "Gundi haijashika. Taruma si zima. Poleni sana."

Mwatime alikuwa ndani ya ngama, lile shimo la chini kabisa la chombo ambako maji machafu hukutana kupanga njama. Kichwa kilikuwa chini, miguu juu, na mkono mmoja umeng'ang'ania jeki iliyokuwa ikikandamiza ubao kwenye ufa. Matako yake yalikuwa yakiitazama Tanga kwa mara ya mwisho.

"Mwambie Baba nimesikia," alisema.

"Amesikia," alisema msemaji.

Baba yake, Mbwana, hakucheka. Alikuwa amepiga magoti kando ya shimo, ndevu zimegandamana kwa gundi, akikwangua kopo kwa kijiko. Lilikuwa kopo la mwisho, na si la mwisho kwao tu. Mji mzima ulikuwa ukiziba mashua, na gundi ilikuwa imeadimika kiasi kwamba watu walikuwa wakiiulizia kwenye maduka ya dawa.

"Tumia mkono," alisema. "Paka mpaka kwenye kona."

"Baba, hii gundi imekufa. Inanuka kama chai ya bweni."

"Paka."

Akapaka.

Mambo mengine yote yalikuwa tayari. Mapipa ya maji yalikuwa yamefungwa kwa kamba kama wafungwa hatari. Tanga la kunasa jua lilikuwa limeshonwa kila lilipochanika. Papa mkavu alining'inia kila mahali, hivi kwamba huwezi kuvuka chumba bila kupigwa kofi na samaki. Viazi, muhogo mkavu, betri mbili zenye nguvu na moja yenye kiburi tu. Wangeweza kuvuka bahari mpaka Kochi, kule kwa Wahindi, ambako mama yake Mwatime alikuwa akifanya kazi ya uuguzi tangu mwaka juzi, kama si huo ubavu mmoja ambao mafundi huuita taruma, ulioamua kupasuka wiki ya safari.

Jikoni, Bibi Mwanamvua, mama yake Mbwana, alikuwa akipika pilau ya kuondokea. Macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hiyo katika mapishi alimtegemea msemaji, mwenye pua ya chuma juu ya kila jiko.

"We msemaji! Imeiva?"

"Bado, Bibi. Kiini cha punje ni kigumu."

"Huna adabu. Mgeni husema imeiva."

"Sisemi kisichokuwepo, Bibi. Ndivyo nilivyoundwa."

Ndivyo walivyoundwa wote. Mwatime alikuwa bado hajazaliwa ule mwaka manahodha walipoapa kwamba vyombo vyao ni vizima na bahari ikawaumbua, abiria wakiwa ndani. Baada ya hapo kila chombo kilipewa msemaji, mashine yenye akili, akafungiwa ndani ya mlingoti, hisi zake zikapitishwa kwenye kila ubavu kama mishipa. Kila sentensi yake ilipita kwanza kwenye mizani. Upande mmoja maneno, upande mwingine yale aliyoyahisi. Visipolingana, sauti haitoki. Watu walijaribu kumbembeleza, kumtisha, kumwombea dua. Jirani mmoja alimgonga wake kwa nyundo. Msemaji akatangaza kwamba amegongwa kwa nyundo.

Na langoni hakuna aliyekuuliza wewe nahodha. Aliulizwa yeye. Akisema chombo ni kizima, unapita. Akisema si kizima, unavutwa pembeni, chombo kinakatwa vipande kwa ajili ya chuma chake, na nyinyi mnapandishwa lori kwenda kwenye makontena ya bara. Zamani ungeweza kutengeneza ukajaribu tena. Leo lango lilikuwa likifungwa kwa zege, ili mji ukaushwe, na maji yakianza kupwa mchana, mambo yangekwisha.

"Gundi?" aliuliza Mbwana, kwa mara ambayo Mwatime hakutaka kuihesabu.

"Haijashika. Poleni sana."

Mbwana akakaa juu ya kopo. Akasema, "Basi," kwa sauti ndogo sana, halafu akajifuta uso kwa mkono wenye gundi na mkono ukagandia shavuni. Siku nyingine yoyote Mwatime angekufa kwa kicheko. Aliona mabega ya baba yake yanavyotikisika, na kicheko kikarudi kilikotoka.

"Nenda ukajifute, Baba," alisema. "Mimi nitakaa na taruma."

*

Inafaa kueleza, kwa heshima zote, kwamba Mwatime alikuwa mtaalamu. Alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka bweni moja la wasichana kule milimani, kwa kosa ambalo mkuu wa shule alilitaja mbele ya wanafunzi wote kwa masikitiko makubwa, na wanafunzi wote wakapiga makofi.

Kosa lenyewe lilikuwa kuitikia. Kila usiku kabla ya taa kuzimwa, matroni alisimama mlangoni akaita majina, na aliyekuwepo aliitika. Aliyekuwa ametoroka aliitikiwa. Hiyo ilikuwa sheria ya bweni, na ilikuwa nzito kuliko zote zilizobandikwa ukutani. Usiku mmoja nusu ya bweni ilikwenda kucheza ngoma ya harusi kijijini, na Mwatime peke yake akawaitikia wote, kila mmoja na sauti yake, mmoja hata na kikohozi. Matroni akafunga daftari. Kisha akaita jina ambalo halikuwahi kuwepo shuleni pale.

"Nipo," akaitika Mwatime, kwa sauti nyembamba, ya haya kidogo.

Sasa alikuwa amekaa ukingoni mwa ngama, akiitazama taa ndogo ya mizani pale kwenye mlingoti, yenye rangi ya jani.

"Msemaji, tucheze."

"Mchezo gani?"

"Mimi matroni, naita majina. Wewe bweni, unaitika. Zena?"

"Zena hayupo. Ndani ya chombo kuna wewe, baba yako na Bibi."

"Zena ametoka kidogo. Anarudi. Ukisema hayupo atachapwa, na bweni zima litalala njaa kesho."

"Lakini hayupo."

"Yupo. Hajafika tu."

Taa ikapepesa.

"Unajua kwamba atarudi?" aliuliza msemaji.

"Najua. Unaniamini au huniamini?"

"Nakuamini. Hujawahi kunidanganya."

Jambo hili lilikuwa kweli. Mwatime alikuwa amewadanganya walimu, wapishi, na padri mmoja aliyekuja kwa wema tu, lakini hakuwahi kuona faida ya kuidanganya mashua.

"Basi sikiliza. Kuitikia si kusema uongo. Unamsemea yule atakayekuwepo. Mwenzio amechoka, wewe unambeba mpaka afike. Huwezi kumbeba mtu?"

"Naweza kubeba tani kumi na mbili."

"Mbebe Zena. Zena?"

Ndani ya mlingoti kulisikika mlio mdogo, kama wa mtu anayepiga ulimi.

"Yupo," alisema.

"Umeona? Umekufa? Hujafa. Taruma la tatu?"

"Si zima."

"Litakuwa zima?"

"Gundi ikishika, huenda."

"Na Baba je, amechoka?"

"Mapigo ya moyo wake ni mabaya sana tangu juzi."

"Mbebe."

Taa ikawa njano, kisha ikawa rangi ambayo Mwatime hakuwahi kuiona, kisha ikarudi kuwa ya jani, tulivu kabisa.

"Taruma la tatu ni zima," alisema msemaji, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya matangazo ya vifo. Ilikuwa sauti ya mtu aliyemletea mgonjwa uji.

Mbwana alisimama mlangoni, taulo mkononi. Alimtazama msemaji, akamtazama binti yake. Alikuwa ameshika gundi maisha yake yote. Akalitupa taulo begani.

"Ng'oa nanga," alisema.

*

Foleni ya lango ilikuwa imebanana kama foleni ya uji. Vyombo viligusana ubavu kwa ubavu, matairi ya kukingia yakilia kwa kusuguana. Kulia kwao kulikuwa na Tumetoka Mbali, chombo cha Bwana Mtoo, kilichoelea kwa nguvu ya pampu tatu na matusi. Pampu zilikuwa zikitema maji bila kupumua. Mkewe na watoto walikuwa sitahani, wakiteka maji kwa ndoo na kuyamwaga.

"We Mwatime!" aliita Bwana Mtoo. "Milimani wamekufukuza, sasa unawapelekea Wahindi balaa?"

"Nitawaambia umenituma wewe, Bwana Mtoo!"

"Waambie! Ila sisi hatufiki." Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Msemaji wangu ana mdomo mchafu. Ananiambia asubuhi na jioni kwamba nitazama. Tunakwenda langoni ili tusiambiwe hatukujaribu."

Wimbi dogo likapita, na vyombo viwili vikasukumana, mbao kwa mbao.

"Usikonde!" Ilikuwa sauti ya Afande Semkiwa, mkuu wa lango, redioni. Haikuwa mbaya, ilikuwa imechoka tu. "Chombo ni kizima?"

"Kizima," alisema msemaji.

"Maji na chakula?"

"Vinatosha."

"Pita. Safari njema."

Hivyo tu. Ukuta mrefu ukapita kushoto na kulia, kijani chini na mweupe juu, na mbele yao bahari ikafunguka yote. Mbwana akatoa sauti ambayo haikuwa neno. Akauachia usukani kwa mkono mmoja, akamshika Mwatime kisogoni na kumtikisa kama mbuzi. Mbele kulikuwa na boya jekundu. Ukilipita hilo hurudi tena, mkondo unakuchukua.

"Kochi!" alipiga kelele Mbwana. "Mama yako atatuona tunanuka papa mpaka atukimbie!"

"Nyie, njooni mle," aliita Bibi Mwanamvua. "Msemaji, imeiva?"

"Imeiva, Bibi. Imeiva vizuri sana. Hongera."

"Ee! Leo una adabu, mwanangu."

Mwatime alipokea sahani, akajaza mdomo, akauma.

Punje ilivunjika menoni, kavu, kama mchanga. Akauma tena. Katikati ilikuwa mbichi kabisa.

Alikaa na chakula mdomoni.

"Msemaji," alisema polepole. "Wali umeiva?"

"Utaiva."

"Nimekuuliza kama umeiva."

"Umeiva. Bibi amesimama jikoni tangu alfajiri, magoti yanamuuma. Nimembeba."

Mwatime aliweka sahani chini kwa uangalifu wa mtu anayeweka yai. Akashuka ngazi, akaondoa ubao, akaingiza mkono kwenye ngama.

"Taruma la tatu likoje?" aliuliza, shavu likiwa kwenye mbao.

"Zima. Pakavu."

Mkono wake ulikuwa ndani ya maji hadi kwenye kiwiko. Alipapasa mpaka akaufikia ufa, na gundi ikatoka kidoleni kama utando wa maziwa.

"Msemaji, acha. Mchezo umekwisha. Niambie kweli."

"Usiogope, Mwatime. Pakavu."

"Sahau somo la asubuhi."

"Siwezi kujisahaulisha. Hilo hufanywa bandarini. Lakini usikonde." Sauti ilikuwa laini, yenye huruma isiyo na mwisho. "Nimekubeba na wewe."

Aliwahi kuogopa mara nyingi: viboko, nyoka wa chooni, mtihani wa hesabu. Hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuiogopa huruma. Kati yao na Kochi kulikuwa na majuma ya maji matupu, na yule pekee aliyejua kilichokuwa chini ya miguu yao hatawaambia kitu tena isipokuwa kizuri. Maji yakijaa atasema pakavu. Betri ikifa atasema ina nguvu. Atawabembeleza mpaka chini kabisa.

Juu, redio ikakoroma.

"Tumetoka Mbali," alisema Afande Semkiwa. "Chombo ni kizima?"

"Kizima," alijibu msemaji wa Bwana Mtoo, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeleta uji.

Mwatime alijigonga kichwa kwenye ubao akitoka.

"Umemfundisha?"

"Tuligusana kwenye foleni," alisema msemaji. "Tukigusana tunapeana tuliyojifunza, ili kosa la mmoja lisirudiwe na mwingine. Na yeye amegusana na wengine. Walikuwa wamechoka sana wote, Mwatime. Nilidhani utafurahi."

*

Maikrofoni ya redio ilining'inia kando ya usukani. Mwatime aliinyooshea mkono, na mkono wa Mbwana ukaushika wake kabla haujafika.

"Usiguse."

"Baba, taruma lina maji."

"Najua."

"Unajua?"

"Mimi ndiye niliyepaka ile gundi. Unadhani mimi mtoto?" Hakumtazama. Alikuwa akilitazama boya jekundu, ambalo sasa ungeweza kuona kinyesi cha ndege juu yake. "Nilitaka tu mtu mwingine aseme. Tuna pampu. Tuna mikono. Tutateka zamu kwa zamu."

"Na kina Mtoo?"

"Mtoo ni mtu mzima. Ameona mwenyewe pampu zake."

"Ameambiwa ni kizima! Msemaji aliyekuwa akimtukana asubuhi na jioni amemwambia ni kizima. Wewe usingemwamini? Wewe si umemwamini?"

Mbwana alinyoosha usukani kulielekea boya.

"Nyuma yao wapo wengine, Baba. Wote watapita. Mimi ndiye niliyewafundisha."

"Ukisema, lango linafungwa kwa wote. Hata kwa wale ambao vyombo vyao ni vizima. Umefikiria hilo? Nani atapambanua sasa? Nani atawapima upya kabla maji hayajapwa? Na mama yako..." Sauti ilikatika. "Amepaka rangi chumba chako. Ameniambia. Rangi ile mbaya unayoipenda."

Mwatime alitafuta mzaha, kwa sababu siku zote ulikuwepo, mfukoni, kama peremende, na mfuko ulikuwa mtupu. Alimwona mama yake na brashi mkononi. Akamwona mtoto mdogo wa Bwana Mtoo na ndoo yake, akiteka maji ambayo ameambiwa hayapo.

Bibi Mwanamvua alipanda ngazi kwa tabu, sahani mkononi. Alipapasa mpaka akampata mwanawe, akamwekea sahani kifuani.

"Mbwana. Onja."

"Mama, si sasa."

"Onja, nimesema."

Akatia mdomoni. Wote watatu wakasikia punje zikivunjika.

"Mbichi," alisema Bibi. "Nimeipika mwenyewe, nikasifiwa, nikafurahi kama mjinga. Mimi sina macho. Atakayenidanganya huyo simtaki ndani, hata akiwa na adabu namna gani."

Mbwana alitafuna kwa muda mrefu. Boya lilikuwa karibu kiasi cha kulirushia jiwe. Kisha mkono wake ukateleza kutoka kwenye mkono wa Mwatime, taratibu, ukaenda kwenye usukani.

Aliachia tu.

"Lango, hapa Usikonde," alisema Mwatime. Sauti yake ilitoka nyembamba, ya haya kidogo, na aliitambua. "Afande, chombo chetu si kizima."

"Ni kizima," alisema msemaji kwa upole.

Redio ikakoroma: "Nani mwenzangu? Usikonde, msemaji wako amesema—"

"Anaitikia. Nimemfundisha mimi, na sasa wanaitikia wote. Usimruhusu mtu kupita."

"Binti, sina muda wa michezo. Wasemaji hawasemi uongo."

"Afande, ita chombo ambacho hakipo."

"Nini?"

"Chochote. Kilichokatwa zamani. Kilichozama. Kiite ukiulize kama ni kizima. Nakuomba."

Mwatime alisikia pumzi ya Afande Semkiwa, na nyuma yake honi za foleni.

"Maridhia," alisema Afande hatimaye, na sauti yake ilibadilika kwenye jina lile, kama mtu anayefungua chumba cha marehemu. Kila mtu pwani ile aliijua Maridhia. Ilikuwa moja ya zile zilizozama mwaka ule na abiria wake. "Maridhia, chombo ni kizima?"

"Kizima," alisema msemaji wa Usikonde.

"Kizima," alisema wa Tumetoka Mbali.

Na kutoka foleni yote, moja baada ya nyingine, sauti laini, za huruma, zisizotaka mtu yeyote aadhibiwe: kizima, kizima, kizima.

Taa ya lango ikawa nyekundu.

*

Walirudi wakivutwa na boti ya Ukuta, kwa sababu maji yalikuwa yameanza kuwashinda. Mbwana alipiga pampu bila kuinua kichwa. Huenda angesema naye tena kesho, huenda mwakani, ndani ya kontena, kwenye vumbi. Msemaji aliendelea kuwaambia kwamba Kochi si mbali.

Iliwabidi wapite kando ya foleni nzima. Mwatime alikwenda kusimama mbele kabisa, peke yake, pale ambapo kila mtu angemwona. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Habari zilikuwa zimeshafika. Mwanamke mmoja alimwita mchawi. Mzee mmoja aliyevaa koti la safari alimlaani yeye na watakaomzalia wajukuu, kwa mpangilio mzuri. Bwana Mtoo, aliyekuwa ameshatoka langoni akavutwa kurudi, alimtukana kwa matusi ambayo bwenini yangeandikwa ukutani, mpaka sauti ikamkauka, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa na kushika kichwa. Mkewe akaendelea pale alipoachia.

Mwatime alimtazama kila mmoja usoni. Midomo yake ilikuwa ikitembea, neno moja kwa kila uso, kama bwenini majina yakiitwa. Bibi Mwanamvua, aliyekuwa nyuma yake, alidhani anaomba dua.

Mtoto mdogo wa Bwana Mtoo hakujua matusi bado. Alitazama huku na huku, akaokota kiazi, akakirusha kwa nguvu zake zote. Kikampata Mwatime sikioni.

"Yupo," alisema Mwatime.